Kisu Chepesi kwa Mkono Mmoja

Ninyi mnaobaki na masinia kando ya foleni ya malori hapa Malaba mmeniomba niandike ninachokijua kabla sijasahau. Asanteni kwa kunikumbusha kwamba nasahau. Nimeuza visu tangu nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa pili hadi mtoto huyo alipoanza kunishauri nipumzike, na kwa muda huo wote sikupandishwa cheo hata mara moja, kwa sababu sinia halina ngazi. Basi hayo tutayaruka. Nitawaeleza habari za visu, za mzee aliyenifundisha, na za mteja mmoja aliyenitesa kuliko wengine wote.

Jina langu ni Nabwire, mtu wa Funyula niliyeolewa Malaba, ila aliyeniita hivyo ni mama yangu tu, na padri siku ya harusi. Kwa wengine nilikuwa Mama Visu. Mume wangu ni katekista, mtu mpole asiyeweza kuchinja kuku bila kumwombea kwanza, na imembidi aishi miaka yote hii akiitwa Baba Visu. Kanisani watu walikuwa wanampa pole bila kusema ni ya nini.

Sikuanza na visu. Nilianza na mananasi. Nilikuwa namenya, nakata vipande, nachomeka kijiti, nawapelekea madereva waliokwama kwenye foleni. Mara kwa mara dereva angeniita kutoka juu, "Mama, niazime hiyo kisu kidogo, nikate tu hii kamba." Nami nampa. Mnaijua foleni ya Malaba: inaweza kulala palepale kutoka chai ya asubuhi hadi ugali wa jioni. Lakini dereva akishashika kisu changu, geti linafunguka, trela linanguruma, na kisu kinaingia Uganda. Nimechangia visu vingi sana katika maendeleo ya nchi ile. Siku niliyojikuta nakata nanasi kwa mfuniko wa kopo, nikajiambia kwamba kama watu hawa wanapenda visu kiasi hiki, basi wavinunue.

Nikaenda Busia kwa muuzaji wa jumla nikachukua vile vilivyokuwa vikubwa zaidi, maana niliamini kisu ni kama ng'ombe, ukubwa ndio thamani. Kesho yake asubuhi nikapanda ngazi ya lori la kwanza, kisu mkono huu na kisu mkono ule, nikagonga kioo kwa kiwiko na kutabasamu. Fikirieni wenyewe. Dereva ameamka sasa hivi, anafungua macho, anamwona mwanamke dirishani ana visu viwili na anacheka. Alifunga milango, akabonyeza honi bila kuiachia. Wa nyuma yake naye akafunga. Baada ya muda mfupi nilikuwa nimefungisha madirisha ya foleni nzima, na askari akaja akishikilia kofia yake.

"Mama, unaibia watu ama unauza?"

"Nauza, afande."

"Sasa mbona wanapiga horn hivyo?"

"Hawajasikia bei."

Aliyecheka siku hiyo hadi akashuka kwenye baiskeli yake alikuwa Mzee Wandera. Alikuwa mnoaji, Msamia mwenzangu, mwenye ile baiskeli iliyosimamishwa kwa stendi, ukikanyaga pedali jiwe la kunolea linazunguka mbele ya usukani. Kituo chake kilikuwa kwenye kivuli cha gesti moja karibu na reli. Aliniita, akavitazama visu vyangu kama daktari anavyotazama kidonda kilichopakwa majivu, akasema, "Mwanangu, hizi ni za kuchinja ama za kuogopesha? Kwa sababu dereva hana ng'ombe huko ndani."

Hivyo ndivyo nilivyoanza shule. Somo la kwanza halikuwa la visu, lilikuwa la adabu. Kisu hakipitishwi kutoka mkono hadi mkono, si kwa mteja wala kwa ndugu. Unakilaza kwenye sinia, mpini ukielekea kwa mteja, unatoa mkono wako, yeye anakiokota mwenyewe. Nyumbani tuliambiwa ukimpa mtu kisu mkononi mtagombana. Wandera alisema ugomvi haujui, anachojua ni kwamba vidole havioti tena. Tangu siku hiyo sikugonga kioo cha mtu. Nilisimama chini na sinia langu, na wao wakawa wanashuka.

Somo la pili lilikuwa uzito, na hapo ndipo wengi wenu bado mnakosea. Mteja akija anataka kisu cha kutembea nacho, cha shambani na cha kila siku, mkono wake unakwenda kwenye kile kizito kwa sababu kizito kinamfanya ajisikie mtu. Wandera alikuwa na kipimo chake. Asubuhi alikuwa ananitumbukizia kisu kwenye mfuko wa aproni, halafu tunaendelea na kazi. Jioni ananiuliza, "Kisu iko wapi?" Nikikijua kilipo upesi, kwa sababu kilikuwa kimenigonga paja siku nzima, anakirudisha kwenye boksi. Nikianza kujipapasa kama mtu aliyepoteza simu, anasema hicho ndicho. Kisu cha kubeba ni kile unachosahau kwamba umekibeba.

Urefu, alinifundisha, ni upana wa kiganja. Makali yakizidi vidole vyako vinne vikiwa vimebanana, umeshatoka kwenye kumenya chungwa na kukata kamba, umeingia kwenye kumweleza askari. Na rangi nayo ina kazi. Mpini mweusi unaulizwa maswali. Wa kijani au mwekundu unaonekana ni wa mtu anayetafuta kitunguu. Hakuna askari aliyewahi kumkamata mtu kwa kuwa na kisu cha kijani, angalau si mbele yangu.

Chuma tulikitambua kwa cheche. Unagusisha mgongo wa kisu kwenye jiwe linalozunguka, polepole. Cheche zikiruka na kupasuka mwishoni kama maua, hicho kina moyo mgumu, kitakaa na makali, lakini usipokifuta kitaota kutu mvua ya kwanza. Zikiwa fupi na zimefifia, hicho ni cha kung'aa, kutu hakiijui, na kikiwa cha bei rahisi makali yake yanakufa upesi. Nilifikiri basi cha kung'aa ni kibaya. Wandera akakataa. Akaniuliza mwenye lori anasafiri na jiwe la kunolea? Hasafiri nalo. Basi chuma laini kinamfaa, kwa sababu akigeuza kikombe cha chai na kupitisha makali pale kitakoni panapokwaruza, yanarudi. Hata ukingo wa kioo cha lori kilichoshushwa nusu unafaa. Nimewafundisha madereva wengi kunoa visu kwenye madirisha waliyokuwa wakinifungia.

Vile visivyofaa navyo tuliviuza, tusidanganyane, ila kwa watu waliokataa kuonywa. Kulikuwa na kisu kinene chenye meno ya msumeno mgongoni, na dira ndogo kwenye kitako cha mpini. Dira! Malaba kuna njia mbili, kwenda Uganda na kurudi, na zote zina foleni. Kulikuwa pia na kile cha kazi kumi: kijiko, uma, mkasi, na kile kizibuo cha chupa za mvinyo, chenye mzunguko kama mkia wa nguruwe. Madereva walikipenda sana. Nilimuuliza mmoja kizibuo ni cha nini, akasema hajui lakini siku atakapokihitaji atakuwa nacho. Bila shaka bado anasubiri.

Nilikuwa nimeshazoea kazi, na nilikuwa nimeanza kujiona najua, siku Ekisa alipofika.

Alitoka Adungosi kwa bodaboda, mtu mrefu mwenye koti, mkulima wa mihogo na miwa. Akasimama mbele ya sinia akavitazama visu vyote, hakuokota hata kimoja.

"Mama Visu, nataka kisu ya kufungua na mkono moja."

"Na huo mwingine uko na kazi gani?"

Akautoa mfukoni. Ulikuwa unaishia kwenye kifundo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini yeye alicheka kwanza, na kwa sauti, hadi Wandera akaacha kukanyaga pedali.

"Hauna kazi," akasema. "Mashine ya kukamua miwa iliufuta kazi."

Tulimpa kiti. Akaeleza shida yake, nami naieleza hapa kama alivyosema, kwa maana kila kitu kinachofuata kinasimama juu yake. Binti yake Apolot alikuwa anaolewa. Wakwe, Wateso kama wao lakini wa upande wa Uganda, walikuwa wanaleta ng'ombe. Katika ukoo wa Ekisa, siku kama hiyo baba wa binti ndiye anayekata nyama ya kwanza mbele ya wageni na kuwagawia. Anaikata kwa kisu chake mwenyewe, akichomoe mwenyewe pale alipokivaa mwilini, na mtu yeyote asimsaidie. Akishindwa, ndugu yake anayemfuata anachukua kisu na kukata. Na anayekata nyama ndiye baba. Ndiye atakayeitwa kwenye maneno ya binti huyo maisha yake yote: akigombana na mumewe, akizaa, akifiwa.

"Ndugu yangu ni Etyang," akasema. "Anauza simiti. Ameshanunua kisu."

"Amekununulia?"

"Amejinunulia."

Etyang, nilikuja kumfahamu baadaye, alikuwa na suti moja na maoni mengi. Alishatangaza kwa jamaa kwamba anamhurumia kaka yake, kwamba si vizuri kumwaibisha mtu mwenye kilema mbele ya wakwe, na kwamba yeye yuko tayari kubeba mzigo huo. Watu wa aina hiyo huwa wako tayari kubeba mizigo ya wengine mradi iwe nyama.

"Sitaki huruma," Ekisa alisema. "Nataka kisu. Niko na mtoto mmoja wa kike."

Mimi nina hasira za karibu, na nilishamchukia Etyang kabla sijamwona. Nikamwahidi Ekisa kwamba atakata nyama hiyo hata kama nitafua kisu mwenyewe. Wandera alinitazama tu, kwa kuwa alijua nimeahidi kitu ambacho hakikuwa kwenye sinia.

Cha kwanza nilichompa kilikuwa cha kitufe. Unabonyeza, makali yanaruka nje. Ekisa alifurahi kama mtoto, akaenda nacho. Jumapili iliyofuata kanisani kwao Adungosi, waumini waliposimama kukiri imani, kitufe kikabanwa na benchi. Kisu kikafunguka ndani ya mfuko, kikapasua suruali toka kiunoni hadi karibu na goti, na Ekisa akamaliza Nasadiki akiwa ameishika suruali kwa mkono wake mmoja. Mume wangu ndiye aliyekuwa ametumwa huko kuongoza ibada. Alipofika nyumbani aliniuliza kwa upole kama ni mimi. Nikamwambia ale chakula.

Cha pili kilikuwa cha kukunja, chenye kishikizo kidogo kwenye makali cha kusukumia kwa dole gumba. Hicho alikifungua vizuri kabisa, na mkono ukiwa mkavu kilikuwa kisu cha maana. Nikanunua kipande cha nyama chenye mafuta tukafanye majaribio nyuma ya gesti. Mafuta yalipoingia kwenye kiungo, dole gumba likateleza, na alipotaka kukikunja ikabidi akisukume kwenye paja lake. Wandera alimzuia kwa fimbo. "Huyu ameshatoa mkono," alisema, "mguu tumwachie."

Cha tatu ni aibu yangu kukitaja: kisu kikubwa cha mpini wa mbao, kwenye ala ya ngozi, cha kufunga mkandani. Hakikunji, hakina kiungo, hakijifungui kanisani. Ekisa alikuwa mwembamba. Alitembea hatua chache nacho, uzito ukavuta mkanda, mkanda ukavuta suruali, na mwanaume mwenye mkono mmoja anaweza kushika suruali au kushika kisu, hawezi vyote viwili. Alinirudishia. Siku ya wakwe ilikuwa inakaribia, na kwa mara ya kwanza sikumwona akicheka.

"Labda Etyang akate tu," alisema.

Niliwaka. Sikumwakia yeye, nililiwakia sinia. Nikamwaga visu vyote kwenye gunia nikaanza kuvichagua upya, hiki hapana, hiki hapana. Wandera aliniacha nichoke. Kisha akaelekeza kidole kwenye ubao wangu wa mananasi, maana mananasi sikuyaacha kamwe.

"Hicho ulichokatia nanasi asubuhi kina uzito gani?"

Nilikitazama. Kilikuwa kisu kidogo cha jikoni, mpini wa plastiki ya kijani, makali membamba yenye urefu wa upana wa kiganja, cha aina ambayo unakuta imechomekwa kwenye kabichi kila soko kutoka Busia hadi Adungosi. Cha bei ya chini kuliko vyote. Sikuwahi hata kukihesabu kuwa kisu.

"Hakina uzito."

"Umetafuta kisu sana, mwanangu. Kisu uko nayo. Tafuta nyumba yake."

Alisema kweli, mzee yule, na nilitamani kumpiga. Shida ya Ekisa haikuwa kufungua kisu, ilikuwa kukitoa. Kisu kisichokunja hakihitaji kufunguliwa, kinahitaji ala inayokishika kisianguke na kukiachia kikivutwa, bila mkono wa pili kushika ala. Ngozi haiwezi, inalegea. Kadibodi inaloa. Nikachukua jerikani la manjano la mafuta ya kupikia lililopasuka kitako, nikakata kipande, nikakipasha juu ya jiko la makaa hadi kikalegea kama chapati mbichi, nikakikunja juu ya makali ya kile kisu na kukikandamiza kati ya mbao mbili, Wandera amekaa juu yake. Ilipopoa, plastiki ilikuwa imeshika umbo la kisu. Ukikivuta kinasema tak. Ukikirudisha kinasema tak. Ukikigeuza kichwa chini na kukitikisa, hakitoki. Nikatoboa matundu kwa msumari wa moto, nikashona ukingo kwa waya mwembamba, nikapitisha kamba ya kiatu ya kuvaa shingoni.

Onyo kwenu mnaotaka kutengeneza: ukipasha plastiki kupita kiasi inajikunja, inanuka, na majirani wanakuja. Mimi niliharibu vipande vingi kabla ya kimoja kukubali. Na kamba ya shingoni iwe nyepesi, ile ambayo ukiivuta kwa nguvu inakatika, ili ikinaswa kwenye kitu ikatike yenyewe kabla haijakukata wewe.

Ekisa alikivaa ndani ya shati. Akapeleka mkono, tak, kisu kikawa hewani. Akarudisha, tak. Akatoa tena, akarudisha tena, hadi Wandera akamwambia atakimaliza kabla ya harusi. Kikabaki kitu kimoja, nyama yenyewe. Kwa mkono mmoja unakata, lakini nani anaishika? Hapo Ekisa ndiye aliyekuwa na jibu. Alipigilia msumari mrefu kwenye ubao kutoka chini, ncha ikatokeza juu. Unachomeka nyama kwenye ncha, inatulia. Nyumbani ndivyo alivyokuwa anamenya mihogo tangu ile ajali, ila hakuona kama ni kitu cha kumweleza mtu.

Siku ilipofika nilifunga sinia nikaenda Adungosi na mume wangu. Ng'ombe walikuwa wamefungwa kando ya nyumba, wazee wa pande zote mbili wamekizunguka chungu cha ajon, ile pombe yao ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mume wangu akachagua kiti kilichotazama upande mwingine ili asione. Apolot alikuwa amekaa na shangazi zake, kichwa chini. Etyang alivaa ile suti. Kisu chake kilikuwa mkandani, kile chenye dira. Hakukinunua kwangu, ila nilikitambua.

Nyama ikaletwa. Ekisa akasimama, akaweka ubao wake mezani, akachomeka pande la nyama kwenye msumari. Akapeleka mkono kifuani. Tak.

"Hapana," Etyang akasema. "Wazee, tuseme ukweli. Mila ni kukata bila kusaidiwa. Huyu anasaidiwa na msumari."

Wazee wa Adungosi wakatazamana, na niliona kwamba baadhi yao walikuwa wanalifikiria kweli. Mmoja alisema msumari umeshika, na kushika ni kusaidia. Mwingine akasema hata meza imeshika. Wa tatu akataka kujua ni nani aliyepigilia msumari, kwa sababu kama ni fundi wa kulipwa, hilo ni jambo jingine. Ekisa alibaki amesimama na kile kisu cha kijani mkononi. Apolot aliinua kichwa. Nilitaka kusema, mume wangu akanishika nguo.

Msemaji wa wakwe alikuwa mzee mfupi ambaye muda huo wote hakuwa ameondoa mrija mdomoni. Sasa akauondoa.

"Huyu msumari," akamuuliza Etyang, "ni wa ukoo gani?"

Etyang akautazama msumari.

"Nauliza kwa sababu mimi ni mgeni. Baba yake ni nani? Ameoa wapi?"

"Mzee, ni msumari."

"Kumbe si mtu. Mila inasema mtu asimsaidie." Akarudisha mrija mdomoni, akanyonya, akauondoa tena. "Mkwe wetu, kata. Tumetoka mbali."

Watu walicheka hadi chungu kikatikisika. Etyang akanyoosha mkono kuelekea kwa Ekisa, kiganja wazi, akasema kwa sauti ya chini, "Basi lete nikusaidie kukata ya wageni tu, hiyo kisu ni ndogo." Mkono kwa mkono, kisu, mbele ya wakwe! Shangazi mmoja alipiga ukelele. Ekisa alikirudisha kisu kwenye ala, tak, akasubiri mkono wa ndugu yake urudi wenyewe, kisha akakitoa tena.

Akakata. Hakufanya haraka. Kisu kiliingia kwenye nyama bila kusukumwa, kama Wandera alivyokinoa, na kila kipande kilipoanguka alikichukua kwa mkono uleule na kumpelekea mgeni wake: msemaji kwanza, kisha wazee wa Uganda mmoja mmoja, kisha bwana arusi. Apolot alikuwa analia na kucheka. Mimi nililia tu, na siombi radhi, kisu kile kilikuwa changu.

Halafu ikafika zamu ya ndugu. Ekisa akamtazama Etyang, akaweka kisu juu ya pande lililobaki, akakipitisha polepole sana. Kilichoanguka kilikuwa chembamba kiasi kwamba Etyang alipokiinua, niliona vidole vyake kwa upande wa pili. Hakuna kipimo cha makali nimewahi kukiona kizuri kuliko hicho. Msemaji wa wakwe alikitazama, akasema ile ni kazi ya baba.

Habari hizo zilifika Malaba kabla yetu. Juma hilohilo mataniboi, wale wasaidizi wa madereva wanaopanda juu ya mizigo kufunga turubai, walianza kuja wakiuliza kisu cha shingo. Mtu anayening'inia kwenye kamba ya lori naye ana mkono mmoja tu wa kutumia, sijui kwa nini sikuliona hilo mapema. Ndicho nilichouza kuliko vyote hadi nilipoacha: mpini wa kijani, ala ya manjano. Ninyi mnaokiita "Ekisa" bila kujua ni nani, sasa mnajua.

Wandera alifariki miaka michache baada ya hapo. Alikuwa ameniachia maagizo kwamba baiskeli isiuzwe kama chuma chakavu, na ndiyo ile mwenzenu Nafula anayokanyaga sasa pale karibu na reli. Namkumbuka kila mteja anapookota kisu kizito na kutabasamu. Mwacheni atabasamu, halafu mwambieni atembee nacho hadi jioni.

Mliniaga vizuri. Mlininunulia saa ya ukutani, kana kwamba sasa ndio nina haja ya kujua saa, na mkachinja mbuzi. Nyama ilipoiva mkaanza kubishana nani akate, sinia zima la visu mbele yenu na kila mmoja anasifu chake. Kisha mtu mrefu mwenye koti, mvi sasa zimemjaa, akaja kutoka nyuma na ubao wenye msumari kwapani. Kile kisu cha kijani kimenolewa mara nyingi hadi kimebaki nusu ya upana wake. Tak. Hakuuliza mtu. Akakata kipande cha kwanza, akakileta hadi nilipokuwa nimekaa, na kilikuwa kinene hivi kwamba ilibidi nikipokee kwa mikono yote miwili.